Sekunde Kumi na Moja za Bi Somoe

Mwezi uliopita nilikuwa Kunduchi kwenye arobaini ya Bi Somoe. Hitima ilikuwa imekwisha, kina mama tumekaa mkekani kulizunguka sinia la pilau, mjukuu wake mmoja akatoa simu ili atuonyeshe bibi yake alivyokuwa. Haikuwa picha ya harusi wala ya kitambulisho. Ilikuwa trela ya filamu, trela niliyoikata mimi kwa mikono yangu nilipokuwa na miaka ishirini na moja. Picha imefifia, rangi zimegeuka kijani, lakini sauti ya mafuta yanayochemka ipo vilevile. Simu ikapita mkono kwa mkono. Kila ilipofika mwisho wanawake walicheka huku wakijifuta macho kwa ncha za khanga, na mmoja akasema, "Irudishe, irudishe nyuma, mie sijamwona vizuri." Niliposikia neno hilo hamu ya pilau ikaniisha. Nikatoka nje kutafuta viatu vyangu, nikakutana na Saidi, mpiga picha wetu wa zamani, ambaye sasa ana mvi na kitambi na anaishi Chamazi. Salamu yake ya kwanza baada ya miaka yote hiyo ilikuwa, "Dija, umesikia? Bado wanairudisha." Filamu yenyewe haipo tena, kompyuta iliyoibeba ilikufa, diski zimekwaruzika, na simjui mtu hata mmoja mwenye nakala. Imebaki trela tu, nami nilisimama pale na kiatu kimoja mguuni, nimerudi kwenye mwaka ule mzimamzima.

Habari za wazazi wangu na tulikotokea nitaziacha, hazikuwa na mkono katika mambo haya. Mwaka ule wote ulikuwa chumba kimoja cha Tandika, nyuma ya mafundi cherehani, tumetenganishwa nao na ukuta wa plaiwudi usiofika darini. Ndani mlikuwa na kompyuta mbili, moja nzima na moja ya kutolea vipuri, na feni iliyokubali kugeukia upande mmoja tu. Bosi wetu alikuwa Modesti, mtu wa Moshi, mwenye moyo mzuri na sauti kubwa, aliyeandika filamu, akaziongoza, na mara nyingine akaigiza mwenyewe kama daktari kwa sababu koti jeupe lilikuwa lake. Mimi niliajiriwa kupokea simu na kuandika yale majina ya waigizaji yanayopanda mwishoni. Kuhariri nilijifunza kwa kuchungulia. Saa saba mama ntilie alipoleta wali na maharage, Modesti alitoka kwenda kuonana na watu, nami na Saidi tuliweka sahani juu ya boksi la kompyuta, tukaingiza diski za filamu za nje na kutazama trela zake tu. Filamu tuliziacha. Mwanzoni Saidi aliona ni uwendawazimu, kunusa mchuzi ukaacha nyama, lakini kufikia mwezi wa pili yeye ndiye aliyekuwa akinikumbusha.

Kulikuwa na moja ambayo tangu mwanzo hadi mwisho ni mlango tu unagongwa, na mwanamume amesimama ndani anautazama, mkono wake unakwenda kwenye kitasa, unarudi. Hakuna bunduki, hakuna gari linalopinduka. Mlango haukufunguliwa, na filamu yake haikufika Temeke, na mpaka leo naweza kuwa jikoni nakuna nazi nikajikuta nauliza ni nani aliyekuwa akigonga. Nyingine ilikuwa ya harusi, bibi harusi anapiga chafya kila anapotaka kusema ndiyo; hiyo tuliitazama mpaka Saidi akapaliwa na maharage. Nilianza kuzisimamisha, kuzirudisha, kuhesabu pumzi kati ya picha na picha. Nikaona kwamba kishindo husahaulika haraka, ila kimya kinachofuata kishindo hukaa kichwani, na uso wa anayesikiliza hukaa zaidi ya mdomo wa anayepiga kelele. Siku hizi nafundisha vijana kazi hii, na ninawaambia tafuta jambo moja tu ambalo mtazamaji analitaka kwa roho yake yote, halafu mnyime. Wananiangalia kama nimewafundisha uchoyo.

Trela za Modesti zilikuwa kinyume cha hayo yote. Dakika tano, wakati mwingine sita, na ndani yake kila kitu: mapenzi, usaliti, hospitali, mazishi, na mtu anayetubu kaburini. Aliamini mnunuzi lazima aone mali yote kwanza. Mama Ngonyani, fundi mkuu wa upande wa pili, mama wa Songea mwenye ulimi wake, alizisikiliza kupitia plaiwudi huku akishona, na hukumu yake haikuchelewa. "Hii nimeshaimaliza," alisema siku moja. "Mke anakufa, mume analia. Kaka Modesti, sasa ninunue ya nini?" Wasichana wake wakacheka, Modesti akagonga ukuta na kumwambia, "Mama, wewe shona." Mimi nilikuwa naandika majina ya waigizaji huku natamani kukishika kile kipanya cha kompyuta hata kwa siku moja.

Filamu ya mwaka ule ilikuwa ya mume mwenye wivu. Mwisho wa sehemu ya kwanza anampiga mkewe kofi mbele ya soko zima, na sehemu ya pili ni machozi mpaka kaburini. Modesti alisema kofi hilo ndiyo nguzo ya nyumba. Tulikwenda kulipiga picha Kunduchi, pale wanapokaangia samaki. Ili watu wasijazane kushangaa kamera, desturi yetu ilikuwa kujificha: Saidi alipiga akiwa ndani ya gari lililoegeshwa, kamera imefunikwa khanga, na waigizaji wakaingia sokoni kama wanunuzi wa kawaida. Neema alikuwa mke, Jumbe mume. Wakaanza kugombana mbele ya makarai, maneno yakapanda, watu wakageuka kutazama, Jumbe akainua mkono. Kabla haujashuka akatokea kwenye picha mwanamke mfupi, mnene kiasi, khanga imefungwa kifuani, ameshika kijiko kirefu cha matundu kinachochuruzika mafuta. Akasimama kati yao. Hakupiga kelele. Alimtazama Jumbe usoni akasema, "Baba, mkono huo ukishuka, unashukia kwenye karai langu."

Jumbe, aliyekuwa na misuli ya kumtosha yeye na mwenzake, alisahau maneno yake yote. Yalisikika mafuta tu yakichemka, na uso wa Jumbe ukawa wa mtoto aliyekutwa na sukari mkononi. Kisha Modesti akatoka alikojificha anacheka, sote tukacheka, tukamwambia yule mama kuwa hii ni filamu, wale si mume na mke, Neema ana mchumba wake mwingine kabisa. Alitutazama mmoja mmoja, akarudi kwenye karai lake, akageuza samaki. Kofi halikupatikana siku ile. Modesti akasema tutarudi.

Wiki iliyofuata Modesti akaitwa Moshi kwenye msiba, na akiwa huko tajiri wa Kariakoo, aliyekuwa akitusambazia diski zetu, akapiga simu. Filamu yetu ya nyuma ilikuwa inaingia kiwandani kesho yake, na mwisho wake palitakiwa trela ya hii mpya. Ndivyo tulivyofanya kazi: trela ilitangulia kuuza filamu ambayo hata nusu haijapigwa. Simu ya Modesti haikupatikana. Nilimtazama Saidi, Saidi akanitazama, akavuta kiti cha Modesti akakipangusa kwa kiganja na kunikaribisha. Nilikata kuanzia asubuhi mpaka umeme ulipokatika, nikaendelea uliporudi. Nikatupa hospitali, nikatupa kaburi, nikatupa karibu maneno yote. Nikamwacha Neema akifunga mlango wa nyumba yake polepole, Neema akichagua samaki bila kuwaona, mkono wa Jumbe ukipanda. Halafu yule mama, ambaye hata jina lake sikuwa nimeuliza. Sekunde kumi na moja: neno lake, uso wa Jumbe, mafuta. Kisha giza, na mafuta bado yanachemka humo gizani. Inakuja.

Sikuwa na mtu wa kumwonyesha, kwa hiyo nilipandisha sauti mpaka mwisho na kuielekeza spika kwenye plaiwudi. Upande wa pili vyerehani vilikuwa vinaunguruma. Kimoja kikanyamaza, kisha cha pili, kisha cha Mama Ngonyani, ambacho hakikuwahi kunyamazia filamu yetu yoyote. Trela ikaisha.

"Halafu?" Mama Ngonyani akauliza.

"Halafu inakuja, mama."

"Inakuja lini? Kapigwa, hakupigwa?"

"Sijui, mama."

"Wee Dija, usinifanyie hivyo. Mie nina nguo za watu hapa."

Baadaye niliolewa, nikazaa, nikajenga, na yote nimeyafurahia, lakini furaha ya mchana ule haijapata mwenzake. Nilizunguka chumba kizima kile kidogo nikigonga miguu ya viti. Diski ilipotoka, Saidi alinipeleka Chamazi Jumamosi mchana kwenye kibanda umiza, banda la mabati lenye mabenchi na televisheni iliyofungiwa ndani ya nondo. Tukakaa nyuma. Filamu ikaisha, watu wakaanza kuinuka wakijinyoosha na kutafuta ndala zao, ndipo trela ikaanza. Wa kwanza aliyesimama alibaki amesimama; wa nyuma yake akamvuta akae. Mkono wa Jumbe ulipopanda, kaka mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Anampiga huyo," na mwanamke aliyempakata mtoto akamjibu bila kumgeukia, "Subiri." Mama wa karai akaingia, akasema lake, na banda likalipuka. Watu walipiga mabenchi, wakasukumana mabega, mwenye kibanda akaambiwa arudishe nyuma, akarudisha, akaambiwa tena. Mara tatu. Nililia kwa furaha nikiwa nimemng'ang'ania Saidi mkono mpaka akalalamika. Mwezi haukuisha nikawa nayasikia maneno yale Temeke nzima, mama akimwambia mtoto anayenyemelea sufuria, muuza nyanya akimwambia mteja anayebonyezabonyeza, na madukani watu wakiulizia "ile ya mama wa karai".

Modesti alirudi kutoka Moshi akaitazama mara moja tu. "Huyu ni nani?" aliuliza. "Yuko ukurasa wa ngapi kwenye skripti? Dija, umewaahidi watu kitu ambacho mie sina." Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Trela ni ahadi, nami nilikuwa nimeahidi mtu wa watu bila kumwomba ruhusa. Alikuwa bado ananifokea simu ilipolia, tajiri wa Kariakoo, na kwa ukali wa sauti yake sote tulimsikia: filamu anaitaka, lakini bila yule mama asipelekewe kabisa. Modesti akaweka simu chini. "Nenda Kunduchi," aliniambia, safari hii kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko kelele. "Usiporudi naye, usirudi."

Nilimkuta amekaa kwenye kibao kifupi anapara samaki. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho, nikamwambia mimi ni nani na nimetoka wapi. Mikono yake ikasimama.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Wanakuja watu mpaka kutoka Kawe huko. Wananunua vibua viwili, halafu wananiambia, Bi Somoe, sema. Sema tucheke. Nisemeje?"

"Wanakupenda, mama."

"Wananicheka. Na nyie ndio mlioanza siku ile. Mie nilikuwa natetemeka, mwanangu. Miguu yote hii."

Alikata kichwa cha samaki, akaendelea kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayetaja bei. "Mie nilikuwaga napigwa hapahapa. Miaka, na mtu niliyezaa naye. Soko zima linaona, kila mtu na karai lake, hakuna aliyeinuka. Nikajiapia, siku nikiona mkono umepanda mbele yangu nitainuka. Siku imefika, nimeinuka, kumbe mchezo."

Nilikuwa nimeitazama picha ile mara zisizohesabika, najua kila pumzi iliyomo, na sikuwahi kuona kwamba kijiko kinatetemeka. Nilipoitazama tena baadaye niliona tangu mwanzo. Aibu ilinichoma mpaka masikioni. Nilipiga magoti palepale kwenye magamba nikamwomba radhi, na wala sikuwa naigiza.

"Inuka, utanuka samaki," alisema. "Yule mke, kwenye hiyo filamu yenu, anapigwa?"

"Anapigwa, mama. Ndiyo mwisho wa sehemu ya kwanza."

"Basi sikiliza. Nitakuja. Lakini mkono usimpate. Ukimpata nami nimesimama pale, watu wote watasema Somoe kasimama bure. Niapie."

Nikamwapia. Modesti alinisikiliza ameshika kichwa. Bila kofi, alisema, hakuna sehemu ya pili, na bila sehemu ya pili tumetwanga maji mwaka mzima. Mama Ngonyani akasema kupitia ukutani kwamba yeye hana haja na sehemu ya pili, anachodai ni jibu la swali lake. Mwishowe Modesti akainua mikono. "Sawa," alisema. "Hapigwi." Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Siku ya kupiga hapakuwa na haja ya kujificha tena, Kunduchi yote ilijua. Watu walisimama mpaka juu ya maboksi ya barafu. Kina mama wa makarai walikuwa wamevaa khanga zao za kutokea, na Bi Somoe alikuwa amepaka wanja. Modesti aliwaambia wengine wote wabaki kwenye makarai yao wakaange kama siku zote; atakayeinuka ni Bi Somoe peke yake. Mimi nilipewa ubao mweupe wa kurudisha mwanga kwenye nyuso za waigizaji. Nilikuwa nyuma ya gari nauchukua niliposikia Modesti akizungumza na Jumbe kwa sauti ya chini. "Akishasema lake, wewe ushushe," alikuwa akimwambia. "Umpate Neema kwelikweli. Pa kuliweka kofi nitajua mwenyewe mezani, wakati wa kuhariri." Jumbe akasema, "Braza, si tumekubaliana na yule mama?" Modesti akamjibu, "Wewe ushushe."

Nikimwambia Bi Somoe, ataondoka, na filamu imekufa na kazi yangu nayo. Nisipomwambia, kiapo changu kitakuwa kazi ya mdomo tu. Niliamua kumwambia. Nilikuwa katikati ya soko, nimekumbatia ule ubao, Modesti alipopaza sauti tuanze. Kila mtu akashika nafasi yake. Neema akaanza kulia, Jumbe akaanza kufoka, na nilikuwa bado hatua ishirini kutoka kwa Bi Somoe.

Mkono ukapanda. Bi Somoe alikuwa na samaki upande mmoja umeiva, na mtu wa kazi yake haachi samaki aungue hata kwa filamu. Akainama amgeuze kwanza. Pale alipotakiwa kutokea palikuwa patupu. Jumbe alisubiri neno, neno halikuja, nikaliona bega lake linajiandaa. Nikautupa ubao nikakimbia. Nilipofika mbele ya Neema nilikuta nimetanguliwa. Mwanamke wa karai la pembeni alikuwa ameshasimama pale na kijiko chake, na wa pili, na wa tatu. Walijua ni filamu, kila mmoja wao alijua, na walikuwa wameambiwa wasiinuke. Wakaendelea kuja. Mmoja alikuja na upawa, mmoja na kisu cha kuparia, mmoja mikono mitupu yenye unga, na baadhi yao walikuwa watu wazima wa kutosha kuwepo miaka ile aliyokuwa akipigwa Bi Somoe. Jumbe, mkono ungali juu, akageuza macho kumtafuta Modesti, na Modesti alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Saidi hakuzima kamera. Mkono ukarudi taratibu, ukaingia mfukoni mwa Jumbe mwenyewe.

Ndipo Bi Somoe akafika anahema, kijiko juu, akakuta migongo. Nilihesabu baadaye kwenye kompyuta, picha kwa picha: mimi nilikuwa wa nne, yeye alikuwa wa kumi. "Nipisheni," alisema, "nipisheni na mie," na hakuna aliyempisha. Alijaribu upande huu, akajaribu upande ule, kisha akaacha. Akasimama nyuma yetu sote, kijiko kinamchuruzikia mafuta kwenye khanga ya kutokea, akamshika mkono mtu aliyekuwa karibu naye, mtu tu, mnunuzi wa samaki, akamwambia, "Umeona? Wameinuka wote."